Namna ya Kuupima Moyo wa Newala Bila Kufika Newala

Umepata mradi, hongera. Andiko limepita, mfadhili ameingiza awamu ya kwanza ya fedha, na kwenye ukurasa wa tatu uliahidi kwamba utatumia akili mnemba kubaini hisia za wananchi wa Masasi na Newala kutokana na komenti wanazoandika chini ya video za mtandaoni. Uliandika hivyo usiku wa manane, kesho yake ikiwa siku ya mwisho ya kuwasilisha, ukiamini kwamba hakuna binadamu asomaye hadi ukurasa wa tatu. Kumbe yupo. Sasa anaulizia grafu.

Tulia. Kazi hii inafanyika, tena inafanyika bila wewe kutoka kwenye kiyoyozi. Fuata maelekezo.

Anza na video, na usichague ovyo. Za harusi na mahubiri ziache, maana huko kila mtu anasema amina na grafu yako itakuwa ya kijani mwaka mzima. Kule Kusini kuna mambo matatu yanayofanya watu waandike mpaka bando likate: korosho, maji na barabara. Muziki uweke la nne, kwa sababu Harmonize ni mtoto wa mkoa wa Mtwara, anajiita Konde Boy, na tangu alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 mashabiki wake na wale wa Diamond hawajapumzika. Vuta komenti za ugomvi wao mmoja tu, utakuwa na data ya kukufikisha kwenye kustaafu.

Kisha ramani. Newala iko juu kabisa, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya majabali yake, na huko utawakuta Wamakua na Wayao kwa wingi. Wewe ziweke zote kwenye nukta moja uandike "Makonde". Mfadhili hatapinga. Kwake hata Lindi ni Mtwara.

Kuzipata komenti zenyewe si kazi. YouTube humpa mwenye programu mgao wa vizio 10,000 kwa siku bila malipo, na kuvuta ukurasa mmoja wenye komenti hadi 100 kunakula kizio kimoja tu. Utajaza kompyuta kabla ya chai ya saa nne. Majina ya walioandika yafute mapema, na hapa sitanii: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuweka msamaha kwa mtu mwenye nia njema na andiko la mradi.

Kwenye kikao cha kwanza kuna mkorofi mmoja atauliza kama hao wanaokomenti ndio wananchi wenyewe. Jiandae naye. Anayekomenti ni mwenye simu janja, mwenye bando, mwenye mahali pa kuchaji na mwenye muda. Wengine wanaoandika kwa uchungu juu ya maji ya Newala wanaoga Mbagala, Dar es Salaam. Uchungu wao ni wa kweli, kwa sababu mama zao bado wako kule juu, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema bondeni, na pampu ikigoma mji mzima unaangaliana. Lakini mama mwenyewe, mwenye kitochi na ndoo, hajakomenti chochote. Kwa mujibu wa mashine yako, mama huyo hana hisia. Mjibu mkorofi kwamba sampuli yako ni wakilishi kidijitali, kisha umwombe mwenyekiti aendelee na ajenda inayofuata.

Sasa mashine yenyewe. Njia nyepesi kuliko zote ni orodha ya maneno. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Hutto na Gilbert, walitoa chombo kiitwacho VADER, ambamo maelfu ya maneno ya Kiingereza yamepewa alama: zuri linajumlishwa, baya linatolewa, jumla ndiyo hisia. Chukua orodha hiyo, ipitishe kwenye tafsiri ya mtandaoni, umepata VADER ya Kiswahili. "Asante" chanya. "Hongera" chanya. "Mungu" chanya. "Ua", "hatari", "balaa" na "tisha" hasi.

Ijaribu. (Mifano yote ya komenti hapa nimeitunga mimi, lakini pita chini ya video yoyote utakutana na ndugu zake wa tumbo moja.) Chini ya wimbo mpya mtu ameandika: "Kauaaa! Huyu jamaa ni hatari, ametisha mbaya." Mashine yako imegundua mauaji, na pengine inafaa uwaarifu polisi. Chini ya video ya kiongozi anayekata utepe kwenye kituo cha maji, mwingine ameandika: "Hongera sana mheshimiwa, Mungu anakuona." Mashine imepata chanya mbili kwa mstari mmoja, haijawahi kufurahi hivyo. Mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba kauli hiyo ya pili ni mashtaka yaliyokwisha kufunguliwa mahakama ya juu, na mshitakiwa hana wakili.

Usikate tamaa, mashine bado haijafika kwenye sarufi. Mwingereza akikana huweka neno lake la kukana pembeni, hivyo hata mashine mbumbumbu inaliona. Mswahili hulimeza kukana kwake tumboni mwa kitenzi. "Tumelipwa" na "hatujalipwa" kwa macho ya mkulima ni mbingu na ardhi. Kwa programu inayokata viambishi ili ibaki na mzizi, yote mawili ni "lip", na mkulima anayedai fedha zake tangu mwaka jana anahesabiwa miongoni mwa walioshiba. Ukisema basi uifundishe kwamba "ha-" ya mwanzo ni dalili ya ubaya, itakutana na "haijawahi kutokea", ambayo vijana wakiiandika wanamaanisha kwamba jambo ni zuri kupita kiasi. Na mzee akiandika maneno yayo hayo chini ya taarifa ya ukame, anamaanisha anachokisema.

Kuna wanaotafsiri komenti nzima kwenda Kiingereza kisha wakaipima huko. Njia hii nakupendekezea kama unataka kila anayeandika "pole na majukumu" ahesabiwe kuwa kwenye msiba.

Wenye fedha, au wenye mpwa anayesoma kompyuta Dodoma, hutumia modeli zilizokwisha kusoma. Google walitoa BERT mwaka 2018, ikaja na toleo la lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. Facebook wakafuata na XLM-R. Na watafiti, Waafrika wakiwamo, wakaichukua hiyo wakaikalisha darasani upya kwa lugha zetu, ikaitwa AfroXLMR. Hizi hazihesabu maneno kama karani wa mizani. Zimesoma mamilioni ya sentensi na zinajua neno gani hupenda kukaa na lipi. Ukitaka zikubainishie hisia, unazipa komenti ambazo binadamu ameshaziwekea alama, chanya, hasi au za kati, nazo zinajirekebisha kidogo kidogo mpaka majibu yao yafanane na ya binadamu huyo. Kumbuka hilo: ya binadamu huyo. Hazijifunzi hisia za Newala. Zinajifunza kumuiga aliyeweka alama, pamoja na uvivu wake, haraka yake na mambo yote asiyoyajua kuhusu korosho.

Na hizo alama kwa Kiswahili zipo, japo si nyingi. Mwaka 2023 yalitoka makusanyo ya AfriSenti, ujumbe wa Twitter zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, uliowekewa alama na wenye lugha wenyewe. Ni kazi safi, na wanaoidharau hawajawahi kukaa kusoma hata ujumbe 500 mfululizo. Sehemu ya Kiswahili ina ujumbe kama 3,000. Zaidi ya nusu uliwekwa kundi la kati, na wa hasi ulikuwa mchache kuliko wote. Lakini Twitter si uwanja wa Newala. Mashine iliyosoma humo imewasikia zaidi watu wa mijini wakibishana kwa sentensi kamili. Haijui salfa ya kupulizia mikorosho, haijui ubwiriunga, ugonjwa unaotibiwa nayo, haijui kangomba, ule ulanguzi wa korosho. Ikikutana na "wametuacha na kangomba tena", inatafuta kangomba kwenye kumbukumbu zake, haioni, inaikata vipande vipande, kisha inajibu: ya kati.

Jibu la "ya kati" utaliona mara nyingi, na hapa ndipo mradi wako utakapong'ara, kwa sababu wananchi watulivu humpendeza kila mtu. Ila jiulize walitulia lini. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ipite mwaka 2015, mtu mwenye familia huipima komenti yake kabla ya kuituma, na akiituma inakuwa imevaa suti. "Tumesikia." "Haya." "Tumepokea kwa mikono miwili." "Kazi iendelee." Mashine inasoma mapokezi mazuri. Wewe keti na wazee pale stendi ya Masasi usome "haya" hiyo kwa sauti uone watakavyocheka. Na hawa ni watu waliokulia kwenye jando na unyago, ambako somo zima hufundishwa kwa nyimbo za mafumbo na asiyefumbuliwa haambulii kitu. Unataka wakuandikie hasira yao waziwazi, kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole?

Walipoisema waziwazi, hakukuhitajika mashine. Mwishoni mwa Desemba 2012 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na mabango waliyobeba yaliandikwa kwa herufi kubwa. Usahihi wa kuyasoma ulikuwa asilimia mia.

Lakini turudi kwenye kiyoyozi. Jambo ambalo mpwa wako wa Dodoma huenda asikwambie ni kwamba modeli hizi zinasoma komenti tu. Video haziioni. "Maji mengi kweli, tutafuga samaki" ni sifa safi kabisa kwa asiyeiona video. Aliyeiona ameona bomba jipya, lililopakwa rangi, likitoa matone matatu mbele ya msafara wa magari. "Barabara imetulia, hata mbuzi wanaisifia" inategemea kama ni kipande cha lami kilichokamilika, au ni kile kinachosubiriwa katika zile kilomita 160 za kutoka Mnivata hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, ambacho mvua ikinyesha basi hulala njiani. Kejeli inakaa kwenye nafasi kati ya picha na maneno, na mashine yako umeikalisha upande wa maneno ukaifunga macho. Zipo modeli za kuangalia picha pamoja na maandishi. Ni ghali, nazo hazijui kwamba mheshimiwa yule yule alizindua bomba lile lile mwaka juzi.

Basi tafuta watu wa kuweka alama. Kanuni ya taaluma inataka angalau watatu kwa kila komenti, ili wawili wakikubaliana wamshinde wa tatu. Kwa kubana matumizi, chukua wanafunzi watatu wa Dar es Salaam, wape nauli, soda na posho ya nusu siku. Wape hii: "Kwa bei hiyo tukanunue ndege kabisa." Wa kwanza ataandika chanya, kwa kuwa mtu anakwenda kununua ndege. Wa pili atamfuata wa kwanza. Wa tatu ana njaa.

Mkulima wa Newala angehitaji kujua kitu kimoja tu: hiyo bei ni ya msimu gani. Oktoba 2018, kwenye minada ya Tandahimba na Newala, wanunuzi walileta bei za kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia watu walikuwa wameonja bei za karibu 4,000. Wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakapanda kubeba korosho, na kabla ya malipo ukaja uhakiki: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake. Kuanzia hapo neno "uhakiki", ambalo kamusi yoyote italipa alama ya kati na pengine ya heshima, likiandikwa na mtu wa kule lina ladha yake. Modeli haikuwapo kwenye foleni ile. Wale wanafunzi nao walikuwa bado watoto.

Hao wasomaji wako wa komenti wakitofautiana sana, kuna kipimo cha kuonyesha ukubwa wa tofauti, kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Kinaangalia watu, wawili wawili, wamekubaliana kiasi gani zaidi ya vile ambavyo wangekubaliana kwa kubahatisha. Kikitoka kidogo, usiandike kwamba uliwatumia wasioelewa. Andika kwamba "lugha ya eneo husika ina utata mkubwa". Lawama itamwangukia Mmakonde, ambaye hajui hata kama yumo kwenye ripoti.

Tumefika kwenye usahihi, na hapa nakupa siri ambayo wenzako wanailipia semina. Tuseme una komenti 100, na wasomaji wako, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja, wamezipa 70 alama ya kati na 12 alama ya hasi. Sasa tengeneza mashine ambayo kila ikiulizwa inajibu "ya kati". Haisomi. Haihitaji umeme mwingi. Usahihi wake ni asilimia 70. Iweke kwenye slaidi kwa maandishi manene, watu wanapiga makofi. Wenye elimu hawaulizi usahihi wa jumla. Huuliza katika zile hasi 12 zilizokuwamo umezikamata ngapi. Mashine yako imekamata sifuri. Swali hilo kwa kawaida huulizwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo panga kuwasilisha asubuhi.

Ripoti ipambe kwa lile wingu la maneno, ambalo neno lililotajwa sana huandikwa kubwa. Katikati litasimama "korosho", pembeni "maji". Utakuwa umethibitisha kitaalamu kwamba watu wa Newala huzungumzia korosho na maji.

Wewe si wa kwanza kupanda uwanda huu na mashine ya kunasia watu. Mwaka 1906, vita ya Majimaji ikiwa haijapoa, Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na fonografu ya silinda za nta na kamera ya filamu. Akanasa nyimbo, akanasa ngoma. Ukitaka kusema kwamba video za Newala zilianza na yeye, sitakubishia. Mashine ilichukua sauti na miguu ya wachezaji vizuri tu. Maana ya kilichoimbwa ilibidi akae chini na wenyeji wamwambie, neno kwa neno, na yeye huku anaandika. Walimwambia walichotaka kumwambia. Lakini angalau alifika, na hilo lisikukere.

Kama baada ya yote haya bado una moyo wa kutaka jibu la kweli, na naona aibu kukupa ushauri wa maana ndani ya mwongozo huu, basi geuza bajeti. Fedha ya dashibodi wape wasomaji: mmoja wa Newala anayejua mwaka gani pampu iligoma, mmoja wa Masasi anayesikia Kimakua au Kiyao kinapochomekwa katikati ya Kiswahili, na mmoja wa Mbagala anayejua nani anamwandikia nani. Wasome komenti wakiwa wanaitazama video. Waruhusu kundi la nne la alama, kejeli, na wasipokubaliana waache wabishane mbele yako na uandike ubishi wao, maana humo ndimo utafiti wako ulimo. Mashine ipe kazi ya kuhesabu baada ya wao kusoma: kuwatafutia zinazofanana, kuwapangia foleni, kuwaonyesha wiki ambayo "hongera" zimezidi kiasi cha kutia shaka. Kazi hiyo inaiweza.

Na kipimo cha hisia kilichokomaa kuliko chako tayari kipo kule. Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba. Wakulima hukusanyika, bei za wanunuzi husomwa hadharani, na wao husema wanauza au hawauzi. Wakikataa, mzigo hauondoki ghalani. Panda gari uende, simama nyuma, funga mdomo. Na posho ya wale wasomaji watatu uilipe kabla hujarudi Dar.